Pikapu ya Kuvuta Nyumba ya Wakwe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Watu wote Kamuli wamepumzika. Mimi sijapumzika, nimepata wazo.

Tatizo ni hili. Jumamosi ya tarehe 19 tunamuaga binti yetu Evelyn, kabla ya harusi yake. Wakwe wanatoka Muleba, watafika Ijumaa jioni. Walale wapi? Kwangu hapana. Mila yetu haitaki mkwe alale chini ya paa la mkwe mwenzake. Mke wangu Auleria amewawekea vyumba kwenye lodji ya Nkwenda. Vizuri sana. Ila lodji yenyewe ni ya Melkiory.

Melkiory ni jirani yangu. Migomba yetu inapakana. Mikungu yake ni mikubwa kuliko yangu, na kila tukikutana ananisalimia kwa furaha. Simwelewi mtu huyu. Sasa wakwe zangu wakaoge maji yake ya moto, walalie mashuka yake, halafu warudi Muleba wakimsifia Melkiory? Thubutu.

Kwa hiyo, tela! Mkandarasi wa barabara alipomaliza kazi aliacha Nkwenda nyumba ya magurudumu aliyokuwa akilala mhandisi wake. Ina vitanda, jiko, mapazia, hata choo cha kukaa. Mwezi uliopita nilibadilishana na jamaa aliyeachiwa kuiuza: yeye akachukua ng'ombe wetu wa pembe ndefu, mimi nikachukua tela. Auleria bado analitazama zizi kwa namna fulani.

Nyumba yenye magurudumu si nyumba, ni gari. Na hakuna mila inayomkataza mkwe kulala kwenye gari. Nitaliegesha uwanjani kwangu, wakwe watalala humo, na mimi nitawapelekea chai mlangoni. Nimeshampigia simu msimamizi wa lodji nimefuta vyumba. Auleria nitamwambia mambo yakishanyooka.

Imebaki kulivuta tu kutoka Nkwenda.

Jumanne, 8 Julai

Hilo neno "tu" nalifuta.

Tela la kawaida unalifunga mkiani mwa gari, unaondoka. Hili lina shingo. Shingo inapanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa katikati, juu ya magurudumu ya nyuma. Fundi wa kuchomelea pale Nkwenda alinieleza kwamba trekta haliwezi, Noah haiwezi, lazima iwe pikapu, na kwenye bodi achomelee sahani ya chuma ya kukalia shingo. Akaongeza kuwa nichague pikapu kwa makini. Nilimwambia mimi nimechagua ng'ombe tangu nikiwa kijana, pikapu haitanishinda.

Jioni nilikwenda kwa Shangazi Adelgunda. Ni dada wa marehemu baba, na kwenye ukoo wetu neno lake kuhusu mila ndilo la mwisho. Nikamwamkia shikamoo nikaeleza. Akauliza kama kitu hicho kina paa. Kinalo. Kina mlango? Kinao. Kina mahali pa kupikia? Kinapo. Akasema basi ni nyumba. Nikasema kina magurudumu. Akatafuna punje zake za kahawa mpaka nikafikiri amesinzia. Kisha akatoa hukumu: kinachoweza kuondoka ni gari, kilichokwama ni nyumba, na ni nyumba ya mwenye ardhi kilipokwama.

Nimeruhusiwa. Mengine yale sikuyatilia maanani.

Jumatano, 9 Julai

Nimemkuta Melkiory anageuza kahawa kwenye mikeka. Habari ya tela ameshaipata, sijui kwa nani. Akasema nisihangaike, nichukue pikapu yake, bure. Ni ile ya milango miwili anayobebea ndizi. Akasema shingo ya tela inahitaji bodi ndefu ili ipate nafasi ya kugeuka kwenye kona, na springi za nyuma ziwe nyingi, na ya kwake inayo yote mawili.

Bure! Jirani hakupi kitu bure wiki ya sherehe yako. Anataka wakwe waone jina lake lililoandikwa ubavuni. Halafu mlango wa dereva umefungwa kwa kamba ya mgomba. Yaani baba wa bibi harusi aingie na kutoka dirishani?

Nikamshukuru, nikamwambia ninazo pikapu nyingi za kuchagua. Sikuwa na hata moja.

Alhamisi, 10 Julai

Sokoni Nkwenda. Kuna jamaa anauza pikapu. Boneti ya kijani, milango ya bluu, makaratasi yako njiani. Nikauliza kama inaweza kuvuta nyumba. Akasema ilishawahi kuvuta Fuso iliyozama kwenye matope. Nikataka nione nguvu zake. Tukaifunga kamba kwenye kisiki cha mkaratusi, akakanyaga mafuta. Pikapu ikaondoka kwa nguvu kweli. Bampa lake likabaki kwenye kisiki.

Nimeiondoa kwenye orodha.

Ijumaa, 11 Julai

Rubwera. Nimeipata!

Mwenyewe ni Bwana Mutabazi, mtumishi pale wilayani, amepata uhamisho na hataki kusafiri nayo. Milango minne. Nyeupe. Viti vya ngozi. Ukifunga mlango husikii kishindo, unasikia heshima. Mbele nitakaa mimi na Auleria, nyuma Shangazi na Evelyn. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha, nikaona pikapu imenikaa vizuri mno.

Ni kweli bodi yake ni fupi. Ila nimefikiri: bodi ikiwa fupi, tela litakuwa karibu na injini, na kitu kilicho karibu na nguvu huvutwa kwa urahisi. Mbuzi unamvuta kwa kamba fupi. Melkiory angejua hilo asingesema aliyoyasema.

Mutabazi amekubali nikae nayo mpaka sherehe ipite. Nikiridhika, tutazungumza. Nimeendesha mpaka nyumbani polepole, madirisha wazi, ili watu wasipate shida ya kunitambua.

Auleria ameizunguka mara moja. Akauliza shingo itapita wapi kwenye kona. Nimemwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya. Kosa si langu.

Fundi alisema shingo ya tela ina uzito wa watu wanane au tisa wazima. Nikaona nijaribu springi kwanza. Watu wazima wanane nitawapata wapi Jumatatu asubuhi? Nikawaomba wazee wa chama chetu cha kuzikana, kwa ahadi ya dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hawa, palipo na rubisi, hawakosi kamwe. Wakaja wote, na makoti yao, maana asubuhi kuna baridi. Wakapanda kwenye bodi wakakaa wima, wakishika kingo za bodi.

Nikaendesha taratibu kupanda mlima, nikarudi nyuma, nikapanda tena. Springi safi kabisa! Niliona watu wanasimama kando ya barabara na kuvua kofia. Nikadhani ni kwa ajili ya pikapu. Nikawapungia mkono.

Sasa, chama cha kuzikana kizima kwenye gari jeupe linalokwenda polepole, Kamuli hiyo ina maana moja: msiba. Mpaka nafika nyumbani, uwanja umejaa. Wanawake wameleta kuni na ndizi. Vijana wamekwisha kufunga turubai. Walikuwa wanajua tu kwamba nyumba yenye msiba ni yangu mimi Dastan, na Dastan haonekani. Auleria alikuwa anawaeleza kuwa nilitoka nikiwa mzima, nao wanamwambia waitu, mwenzetu, ndivyo inavyokuwa.

Niliposhuka kwenye pikapu, mama mmoja alirudisha kuni zake kichwani bila kunisalimia.

Aliyeniudhi zaidi ni Melkiory. Nilimkuta ameshika jembe nyuma ya nyumba, anatafuta mahali pazuri. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanikumbatia. Nikamuuliza kwa nini alichagua pale karibu na choo. Akasema pana udongo laini.

Jumanne, 15 Julai

Habari zimefika Muleba. Mzee Rwegoshora, baba wa bwana harusi, amepiga simu kumpa Evelyn pole na kuuliza kama sherehe iahirishwe. Evelyn akanipa simu. Mzee akasema anafurahi kusikia sauti yangu. Nimemhakikishia kwamba nipo, sherehe ipo, na malazi yake yatakuwa ya kipekee. Akasema haya.

Kwa hiyo sasa hakuna kurudi nyuma. Wakwe wameshaahidiwa. Wakija wakakosa pa kulala, hata kama Evelyn ataolewa, maisha yote ataitwa binti wa yule aliyewalaza watu nje.

Sahani ya chuma imechomelewa. Inang'aa katikati ya bodi.

Alhamisi, 17 Julai

Auleria ameniuliza tena kuhusu kona. Amechukua bakuli na mwiko kunionyesha. Nilimwambia nimejaribu gari mbele na nyuma, mlimani na bondeni. Akasema, na kona? Nikamwambia kona ni mbele tu, ila kwa upande.

Kesho saa tisa naondoka Nkwenda na tela.

Jumamosi, 19 Julai, alfajiri

Jana sikupata nafasi ya kuandika. Naandika haraka kabla uwanja haujajaa.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Fundi alishusha shingo juu ya sahani, akafunga, tukaondoka. Nkwenda nzima ilitoka nje kunitazama. Barabara imenyooka, tela linanifuata kwa adabu. Nikapiga honi kwenye lodji ya Melkiory bila sababu yoyote. Nilikuwa na furaha kuliko siku niliyooa, Auleria asisome hapa.

Ikaja kona. Ile ya chini ya shamba la Melkiory, inayokunja kabisa kuelekea kwetu. Nikakata usukani. Pikapu ikageuka. Tela likasema bado. Ule mdomo wake mpana, sehemu ya mbele iliyo juu ya shingo, ukaja, ukaja, nikauona kwenye kioo cha ndani umejaa wote, halafu kioo cha nyuma kikapasuka chote na mdomo wa tela ukaingia kwenye kabini. Ukakaa pale kiti cha nyuma, katikati. Nikarudi nyuma ili nijinasue. Tela likaingiza tako lake kwenye migomba ya Melkiory na kukwama. Hapo barabara ikawa imezibwa pande zote.

Nyuma yangu ikasimama Hiace. Wakwe.

Mzee Rwegoshora akashuka, na mkewe Ma Beata, na wazee wao wote na mafurushi ya zawadi. Tukasalimiana kama kawaida, kila mmoja akiulizia nyumba ya mwenzake. Hakuna aliyetaja tela. Watu wa Muleba wana malezi. Hiace haikuweza kupita, na jua linazama. Auleria akafika akikimbia kutoka nyumbani. Akatazama kioo. Hakusema neno kona, na nilimshukuru kimoyomoyo. Akasema basi wageni warudi Nkwenda, vyumba vyao vipo.

Ikabidi niseme.

Auleria hakufoka. Alinitazama tu, na uso wake ukawa umechoka. Akapiga simu lodji mwenyewe: wanunuzi wa kahawa wamejaza vyumba vyote tangu Jumatano. Pale ndipo nilipoona aibu ya kweli. Wazee wamesimama barabarani na makoti yao, Ma Beata amekalia sanduku lake, na mwanangu Evelyn yuko juu ya mlima anasubiri kuolewa na watu hawa.

Nikafungua mlango wa tela. Nikasema vitanda viko tayari, walale hapa hapa. Mzee Rwegoshora akarudi nyuma hatua moja. Akasema kwa upole kwamba anaheshimu juhudi zangu, lakini hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Nikaanza kueleza habari ya magurudumu.

Shangazi Adelgunda akaja na fimbo yake. Akazunguka tela. Akaligonga. Akauliza linaweza kuondoka? Haliwezi. Akauliza liko juu ya ardhi ya nani? Migomba ya Melkiory. Basi, akasema, ni nyumba, na ni nyumba ya Melkiory, na Melkiory hajaozesha binti kwao. Wageni waingie.

Wakaingia! Mzee Rwegoshora akakaa kitandani, akabonyeza godoro, akatabasamu.

Nilifurahi kwa dakika chache. Kisha Melkiory akashuka kutoka kwake na maji ya moto, mablanketi, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Akawapa wageni, kila mmoja punje zake, kwa mikono miwili. Na kila mtu wa huku anajua: anayekupa kahawa mlangoni ndiye mwenyeji wako.

Evelyn aliteremka na ufagio. Akafagia vioo kwenye kabini, pembeni ya mdomo wa tela, akicheka peke yake. Akaniambia hajawahi kuona baba aliyehangaika hivi kwa ajili ya binti. Nilihuzunika sana. Ukweli ni kwamba wiki mbili hizi nimekazana na pikapu ili nisifikirie kwamba chumba chake kitakuwa kitupu.

Basi. Wageni wa sherehe wameanza kuja.

Jumapili, 20 Julai

Sherehe imekwisha, na imefana. Naandika ukweli wote.

Jana asubuhi Melkiory alikuja na ile pikapu yake ya ndizi. Alihamisha shingo kwa jeki na magogo, akaifunga kwenye bodi yake, akavuta. Tela likageuka kwenye kona kama mtoto anayemfuata mama yake. Wazee wa chama cha kuzikana wakapiga makofi. Nadhani ilikuwa bahati, na pia barabara ilikuwa imekauka.

Kwenye meza kuu, Shangazi alimweka Melkiory karibu na Mzee Rwegoshora, kwa kuwa ndiye mwenyeji aliyewalaza. Mimi nilikaa upande wa pili, nyuma ya keki. Mzee aliposimama kutoa shukrani, alimshukuru Mungu, akamshukuru mwenyeji wake Melkiory, akamshukuru dereva wa Hiace, kisha mimi.

Lakini alipofika kwangu alisema neno. Alisema amezunguka sana, ila hajaona mkwe anayevunja gari lake mwenyewe ili wageni wapate pa kulala. Watu wakacheka, naye akacheka, akaja kunikumbatia. Evelyn alilia. Auleria alilia. Mimi nilikuwa na mafua.

Usiku tela likabaki uwanjani kwangu bila pikapu, na Shangazi akahukumu kuwa limekwama, kwa hiyo ni nyumba yangu. Wakwe walilala kwa Melkiory nyumbani.

Jumatatu, 21 Julai

Mutabazi amekuja kutoka Rubwera kuangalia pikapu yake. Ameingiza kichwa pale kilipokuwa kioo, akakitoa. Akasema anadhani nimeshachagua. Nami nimeona hivyo. Tumepeana mikono.

Kisha habari njema kabisa! Mzee Rwegoshora amepiga simu. Jumamosi ni harusi yenyewe, huko Muleba, na safari hii sisi ndio wakwe tusioweza kulala kwake. Ameomba tuje na tela, maana hajawahi kulala vizuri vile. Muleba! Milima yote ile, kushuka Kyaka, kupita Bukoba, mpaka uwanjani kwake, watu wametoka nje wanatazama.

Melkiory amekuja mbio kuniambia nichukue pikapu yake, ameshaondoa ndizi na ameweka bawaba mpya mlangoni. Nimemshukuru. Nimemwambia ninayo yangu.

Auleria amekaa chini. Ameuliza, kwa sauti ndogo, kati ya hapa na Muleba kuna kona ngapi. Nimemweleza kwa subira kwamba nimelitafakari jambo hili usiku kucha na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kioo. Sasa hakipo, kwa hiyo hakuna cha kuvunjika, na mdomo wa tela utapata nafasi ya kuingia na kutoka kwa uhuru kila kona.

Akauliza, na watakaokaa kiti cha nyuma?

Hilo nalo nimelipanga. Atakaa Shangazi Adelgunda. Ni mfupi.